Uji wa Ukutani

Sufuria ilikuwa yetu, unga ulikuwa wa Manispaa:
ratili mbili za ngano kila Jumatatu, zimepimwa,
karani kasimama mlangoni aone maji yanaingia,
kwani njaa, alisema, haijui mali ya serikali.
Akishaona, huyo, na baiskeli yake.

Baba yangu Asava alikuwa mbandika matangazo.
Uji wa ukutani hautiwi sukari, hautiwi chumvi.
Hutiwa mrututu, buluu kama jicho la paka wa Kizungu,
panya wauogope,
na sisi.

Kusoma hakujua. Karatasi alizijua kwa sura:
yenye taji ni kodi,
yenye mbwa ni mbwa,
yenye ukingo mweusi Mzungu amekufa, bandika kwa adabu.

Nilimbebea brashi. Tulianzia posta,
tukapita duka la dawa na chupa zake dirishani,
maji mekundu, maji ya kijani,
nikidhani moja ni damu na ya pili ni nyongo, sijui za nani.
Buchani ubao ulisema nyama ya bwana, nyama ya mbwa, nyama ya boi;
bei tatu, na ya mbwa haikuwa ya mwisho.
Kwa Kantilal: suti siku mbili, kaptula ungali umesimama.
Hotelini hatukubandika kitu. Pale palikuwa na kibao cha shaba
kikitaja wasioingia,
na mjomba Lugalia alikisugua kwa majivu kila alfajiri
hata akajiona uso ndani ya maneno.

Mwaka ule alipotea mbwa wa Bwana Pettifer wa Solai.
Zawadi shilingi thelathini. Mshahara wa baba, kumi na nne.
Wiki nzima Bondeni tuliwatazama mbwa machoni
kama watu wanaoposa.

Saa nane upepo wa ziwani ukileta vumbi la magadi,
kingo za karatasi zilianza kunong'ona.
Baba alirudi na ngazi.
“Sheria imelegea,” alisema, akaipiga kofi.

Nilipofika darasa la pili nikawa macho yake.
Alipenda nisome sabuni. Alipenda nisome mnada:
plau moja, farasi wawili, kinanda kisicho na meno matatu.
Kisha Ijumaa moja, yenye taji.
“Kodi,” alisema. Tulikuwa tumeshabandika kumi na tisa.
Nikasoma kwa kuwa nilikuwa najua kusoma,
kwa sauti, kama mwalimu alivyotaka:

*Safu ya nne hadi ya saba, Bondeni, zitabomolewa.
Wakaaji wahame kabla ya tarehe mosi.*

“Safu ya nne ni ipi?” aliuliza
yeye aliyeikandika kwa mikono yake.

Ya ishirini ilikuwa ya mlango wetu.
Aliipaka uji pembe hadi pembe,
akaiweka, akafukuza mapovu kwa kiganja,
akarudi nyuma hatua tatu kuangalia kama imenyooka.
Haikuwa imenyooka. Akaibandua, akaanza upya.
Mama alisimama na beseni la nguo, hakusema neno,
maji yakimdondokea miguuni.

Jumatatu karani alikuja, akaona maji yanaingia, akaenda.
Mrututu ulibaki umefungwa kwenye gazeti, juu ya boriti.
Mama alitoa vijiko, akanituma kwa Mama Rehani, jirani Mnubi,
chumvi kidogo, na kama ana samli
basi asininyime.

Adhuhuri Kantilal aliuliza mbona ukuta wake uko uchi.
Baba alisema unga wa safari hii ni mbaya,
haushiki.

Mimi nilikuwa ndani, kichwa sufuriani,
nakwangua ukoko.