Choo cha Fungo

Saa nane na robo usiku, kama kawaida yake,
fungo anapita nyuma ya jiko.
Simwoni. Namjua kwa mbwa wa kwa Kinabo
anayebweka mara tatu, kisha anajifikiria,
na kwa harufu inayoingia dirishani bila hodi,
nzito, tamu kidogo,
kama asali iliyosahauliwa ndani ya kiatu.

Uso kwa uso nimemwona mara moja tu.
Novemba, umeme umekatika Uru nzima,
nimetoka na tochi ya betri nilizoanika juani.
Alikuwa chini ya mgomba, anatafuna jongoo.
Jongoo! Kitu ambacho hata kuku hukikwepa.
Macho yamezungukwa na weusi, shingo ina milia,
madoa ubavuni kama mtu amemkung'utia masizi.
Akasimamisha manyoya ya mgongo, akawa mkubwa ghafla,
mfupi aliyevaa koti la kaka yake.
Tukatazamana.
Tochi niliizima mimi. Mimi ndiye niliyempisha.

Hapandi miti. Wanaosema hivyo wanamchanganya na kanu.
Yeye husubiri kilichoanguka:
parachichi, ndizi iliyopasuka kwa kuiva,
buni nyekundu chini ya mti.
Njia yake ni moja. Mfongo anauvukia pale pale,
jiwe lile lile, mguu ule ule nadhani,
na akifika kwenye mringaringa
anageuka, anausugua kwa makalio,
anaacha jina lake, anaendelea.

Na ana choo. Kimoja.
Kipo mpakani, pale ambapo baba na baba mdogo Ndelilio
waliacha kusemezana mwaka wa mvua ya mawe
kwa ajili ya hatua mbili na nusu za ardhi.
Masale yaling'olewa, yakapandwa, yakang'olewa tena.
Wakili wa Moshi mjini alikula ndama wawili.
Fungo hakuitwa shahidi.
Alikula kahawa ya huku, akala ya kule,
akaja kuchuchumaa katikati.

Asubuhi baba alikizoa kile kinyesi kwa koleo
akakitupa ng'ambo.
Jioni baba mdogo alikirudisha.
Miaka sita mavi ya mnyama yalivuka mpaka
mara nyingi kuliko salamu.

Wamekufa wote wawili, wakipishana miezi minne.
Koleo liko darini, mpini umeliwa na mchwa.

Aprili hii nilikwenda kukata majani ya ng'ombe,
nikaikuta miche ya mibuni imesongamana pale chooni,
mingine bado imevaa ganda la buni kichwani
kama watoto waliokimbia na kofia za baba zao.
Kumi na saba.
Nikampigia Manka, binti wa baba mdogo.
Akaja na mabuti na ndoo, amevuta kanga puani.
"Ipi ya kwenu, ipi ya kwetu?" nikamuuliza.
Akacheka hadi akakaa chini, nusura aikalie.

Tukaing'oa kwa vidole, pamoja na udongo wake.
Yeye alichukua tisa. Mimi nane.
Usiku niliihesabu tena, peke yangu, kwa tochi.
Nane.
Sikusema kitu. Lakini nilihesabu.

Sisemi kwamba fungo ni rafiki.
Februari amenilia matetea wawili,
mmoja alikuwa ameatamia,
akaniachia mayai ya baridi na manyoya kwenye michongoma.
Hana habari na baba, wala Ndelilio,
wala kesi, wala upatanisho.
Ana tumbo, na ana saa yake.

Ndiyo hiyo. Mbwa wa kwa Kinabo: moja, mbili, tatu.
Kimya. Harufu.
Pita, namwambia kutoka kitandani,
pita baba, njia ni yako.
Ila banda nimelizungushia waya.