Matairi ya Mnada

Yalishuka Mkoani na meli ya alfajiri,
sita, kila moja na rimu yake,
mazito hata mahamali wawili wakaliviringisha moja
huku wakiomba njia.
Niliyanunua Unguja, kambi ilipotupa vyake:
vitanda vya chuma, masufuria ya kupikia watu mia,
na mpira huu mpya ambao bado una nywele zake.
"Umenunua vita," alisema Shaame.
"Nimenunua mlima wa Wambaa," nikamjibu.

Maana masika yaliyopita lori lilikaa siku nne
kwenye kona ya udongo mwekundu,
magunia ya makonyo yanalowa, yanavunda,
na kiwandani Chake wanapima ukavu,
hawapimi machozi.

Lakini rimu zilikataa.
Tundu sita kwa tundu sita, sawa,
ila kitovu cha ekseli kilikuwa kinene
kwa milimita mbili, si zaidi.
Shaame akapitisha kidole ukingoni: "Hapa pananyimana."
Tukazipeleka Machomane kwa Mbarouk wa kereza,
sikio lake moja limekufa kwa kelele za vyuma.
Hakutaja bei. Aliuliza tu:
"Ulipima kwa nini ulipokuwa unanunua,
kwa kamba au kwa imani?"

Ndani ya rimu moja, chini ya rangi ya kijani,
mtu alikwaruza kwa msumari:
NIKIRUDI NITA
Basi. Hakumaliza.
Mbarouk alizunguka maneno yale na mashine yake,
asiyaguse.

Ringi ya rimu hizi ni mnyama.
Ikikaa kombo, nawe ukajaza upepo, inaruka;
Shaame anamjua mtu wa Wete aliyebaki na nusu taya.
Akalilaza gurudumu chini ya lori,
akalizungushia mnyororo,
tukajificha nyuma ya ukuta wa matofali
kama watoto wanaocheza kibe,
tunasikiliza upepo ukiingia, chuma kikilia ta, ta,
kisha kimya.
"Imekaa," alisema,
lakini hakutoka mpaka alipomaliza sigara.

Usukani ukikatwa wote, tairi lilikula fenda.
Tukakata fenda kwa msumeno.
Vile vipande viwili mke wangu Raya alivichukua,
akaezekea banda la kuku.
Nati tukazikaza kwa kukabilisha, juu, kisha chini,
na baada ya safari ya kwanza tukazirudia,
chuma kigeni hakiaminiwi siku moja.

Mlima tuliupanda kama ngazi ya nyumbani,
magunia arubaini, gia ya pili,
meno ya matairi yakitafuna udongo na kuutema.
Watoto walipiga kelele. Nami nilipiga.
Ilipofika lami, yale meno yakaanza kuvuma,
mvumo wa chini,
unaofika sakafuni kabla ya sikioni.

Nyumbani nilikuta madirisha yote yamefungwa.
Mama ameketi gizani, ameipakata redio iliyozimwa.
"Nnaujua mvumo huo," alisema.
"Ushapita hapa. Miaka ile."
Hakusema ipi, wala sikuuliza.
Kwetu kuna miaka isiyo na tarakimu.

Rimu nimezipaka rangi nyekundu;
kila kokoto linalobandua, kijani kinachungulia.
Shaame alisema nipunguze upepo, mvumo utashuka.
Ulishuka kidogo. Dizeli ikapanda.
Kuyauza siwezi, mlima haujahama.

Sasa nikifika mteremko wa msikiti
nakwenda mwendo wa kinyonga,
napiga honi mbili fupi, moja ndefu:
ni mimi, Mama, na makonyo.
Dirisha la jikoni hufunguka.
La mbele, bado.