Kidato cha Saba

Dalali ametuvua viatu mlangoni,
akatugawia soksi za karatasi, kama za wodini.
Nimevaa koti la manyoya la shemeji yangu
na mkoba nilioazima kwa mwenye bucha;
nimejiandikisha kwa jina la mwalimu wangu, marehemu,
na mtaji wangu wote ni nauli ya basi la kurudi Puerto Montt.

Mbele yangu mume na mke kutoka Santiago.
Mke anapima kila kitu kwa macho, mume kwa simu.

"Sebule," asema Bi Ximena Oelckers,
na ukuta wa kioo unatumwagia ziwa lote,
Llanquihue, la kijivu, limekunjamana kama shuka la mgonjwa.
Ng'ambo, volkano imejifunika; haitaki kutazamwa bure.
Makochi ni meupe hata unaona haya kuwa na mgongo.
Zulia lilifumwa miaka miwili na wanawake
ambao dalali hajui majina yao,
ila idadi ya mafundo anaijua.

Jikoni, marumaru nyeusi yenye mishipa ya dhahabu.
Majiko mawili: moja la kupikia,
na moja la kuonyesha kwamba halijapikiwa.
Bafuni, bomba huleta maji likiona mkono.
Nikaupeleka wangu.
Likasita kwanza.

"Na hii," anashusha sauti, kama yuko kanisani,
"ndiyo roho ya nyumba. Ngazi.
Iliagizwa Hamburg, mwaka sabini na moja.
Haina msumari hata mmoja."

Hamburg.

Eleuterio Mansilla, mtu wa Chiloé,
alikuja na tezo, patasi nne na kikohozi,
akalala bandani huku miezi mitano
mvua ikimhesabia siku juu ya bati.
Mbao za alerse alizipiga randa
mpaka maranda yakatoka membamba, unasoma gazeti kupitia kwayo.
Vigingi vya luma alivichonga usiku,
na Jumapili alivileta nyumbani katika kopo la kahawa
nimhesabie. Ndivyo nilivyojua kuhesabu:
vigingi mia mbili na kumi na vinne.
Kimoja nilikificha. Alichonga kingine, hakuuliza.

Asiyekuwepo na lake halipo.

Ninapanda. Mkono wa ngazi
bado umenona pale alipopasugua zaidi, kwenye kona.
Moja, mbili, tatu. Dalali anaeleza mfumo wa joto chini ya sakafu.
Nne, tano. Mume anauliza kuhusu gati la boti.
Sita.
Kwenye kidato cha saba ninachuchumaa,
najifanya soksi imenivuka,
na kichwa nakipitisha katikati ya vidato, mtu mzima wa miaka sitini na mbili,
kumulika chini kwa tochi ya simu.

Ipo. Penseli ya seremala, ile bapa:
*Siku kumi na moja, hazijalipwa. E. M.*
Pembeni ameandika hesabu yake, na kosa
amelikata kwa mstari mmoja, kwa adabu.

"Umepoteza kitu?" Ni mke wa Santiago.
"Hereni," nasema. Masikio yangu hayajatobolewa.
Anainama na gauni lake la hariri,
anatazama nilipotazama. Anasoma. Ananyamaza.
Kisha, bila kunigeukia, kwa sauti ya kawaida kabisa:
"Bi Oelckers, huko Hamburg
mafundi wao huandika Kihispania?"

Dalali anacheka. Halafu anaacha kucheka.
Mvua inaanza upande wa ziwa, inakuja bila haraka.
Mume amesharudi kwenye bei:
bilioni mbili na nusu za peso, samani ndani,
mazungumzo yapo.

Sikungoja mazungumzo.
Nilivaa viatu juu ya soksi zao za karatasi,
nikatelemka njia ya changarawe hadi kituoni,
nikigawa bilioni mbili na nusu kwa siku kumi na moja,
nikikosea, nikianza upya,
kidole mfukoni kikikibingirisha
kile kigingi kimoja.