Sahihisho kwa Kalamu Nyeusi

Toleo la kwanza lilifika saa nane mchana,
masanduku manne yaliyofungwa kwa kamba ya katani,
na Zsombor mpiga chapa, wino umemganda kuchani,
akasema: nusa kwanza, ndipo usome.
Nikanusa. Gundi, karatasi, na ubaridi wa mto Tisza
uliotufuata hadi ghorofa ya chini ya makumbusho
wanakolala watu elfu mbili rafuni,
kila mtu na boksi lake, kila boksi na namba.

Miaka minne tumelihangaikia jarida hili.
Miezi sita ilikwisha kwa kugombania jina tu:
mmoja alitaka Kilatini, mwingine aling'ang'ania neno "kifo".
Profesa Varjas akakataa. Kifo, alisema,
ni jioni moja. Sisi tunasoma miaka iliyokitangulia:
mtu alivyochechemea,
alivyotafuna kwa upande mmoja,
alivyolala kiubavu kwa kuwa mgongo ulikataa vinginevyo.

Nikafungua ukurasa wa thelathini na moja, makala yangu.
Msichana wa miaka kumi na mitano, pengine sita,
pingili tatu za uti wake zimeliwa na kifua kikuu,
zikaporomoka, zikashikana, zikawa mfupa mmoja
uliopinda kama mpini wa mwavuli.
Na chini ya picha, maneno niliyoyapiga mwenyewe usiku wa manane:
Kaburi namba 214.

Yeye ni 241.
214 ni bwana mmoja mwenye meno mabovu
na mgongo ulionyooka kama rula.

Juu yetu, ukumbini, wageni walishaanza kuvua makoti.
Nilisikia Mkuu wa Kitivo akisafisha koo kwa ajili ya hotuba.
Nikasema: Profesa, ni tarakimu mbili tu
zimepishana mlangoni. Nani atajua?

Akavua miwani.
"Emőke, huyu hana jina. Lugha aliyoitiwa chakula
hatuijui. Alikuwa na namba hii tu,
nawe umempa mwanamume."

Nilidhani maji yameshamwagika.
Yeye akatoa kalamu nyeusi mfukoni.

Tukapandisha masanduku ukumbini, mbele za watu,
akakaa mezani kati ya visahani vya vitafunio
akaanza: nakala ya kwanza, ya pili, ya tatu.
Hakueleza. Wageni wakatazamana.
Kisha mwanafunzi mmoja wa mkono wa kushoto akavuta kiti,
kisha Mkuu wa Kitivo akakunja hotuba yake mara nne
akaomba kalamu.

Kwaru, kwaru, ukumbi mzima, kama panya ghalani.
Pombe ya plamu haikuguswa.
Na kila aliyesahihisha ilimbidi afike ukurasa ule,
na aliyefika, macho yaliteremka chini ya picha:
kwamba aliishi na mgongo ule miaka sita,
kwamba mifupa ya miguu yake ni myembamba,
miguu iliyosahau kutembea,
na haina alama hata moja ya njaa.

Mwanamke mmoja, mke wa mtu fulani, aliyekuja kwa ajili ya vitafunio,
akauliza kwa sauti: nani alikuwa anamlisha?
Hakuna aliyemjibu.
Hilo ndilo swali la toleo la pili.

Husemwa mficha maradhi kifo humuumbua.
Huyu hakuficha kitu, angefichaje?
Udongo ndio uliomsitiri, miaka elfu na ushei,
ukamrudisha pingili kwa pingili.
Aliyemuumbua ni mimi, kwa vidole viwili vyenye usingizi.

Saa tatu usiku Zsombor akahesabu.
Mia mbili tisini na tisa.
Akahesabu tena, akajipiga paji la uso:
moja aliitia posta asubuhi, kwa furaha,
kwenda maktaba ya Uppsala.

Huko, kwenye rafu safi, kimya kimempokea,
bado ni bwana mwenye meno mabovu
anayeumwa mgongo usio wake.

Niliandika barua usiku uleule, kwa mkono, mstari mmoja.
Mpaka leo sijajibiwa.