Dakika za Saruji

Saa tatu kasoro, Tabora. Dirisha la chumba cha upasuaji
limefungwa, vumbi la kiangazi lisije likatia mguu.
Nimesugua mikono hadi viwiko, nikiitazama saa ya ukutani,
na kucha zangu, ambazo hazina kosa,
nimezisugua kama zina kesi.

Mezani yupo Mayunga Luhende wa Sikonge,
mrina asali, miaka arobaini ya kupanda na kushuka miti.
Goti la kulia limekwisha: mfupa unasaga mfupa
kama mawe yasiyo na mtama kati yake.
Jana wodini aliniuliza, "Hiyo saruji ni ile ya kujengea?"
Nikacheka. Nikamwambia ni binamu yake, ila hii ina dawa ndani.
Akanyamaza kidogo.
"Basi ni kama gundi ya nyuki. Wakiona ufa wanaziba.
Nilishakuta panya amefia mzingani, wamemviringishia gundi,
mkavu, hana hata harufu."

Sikumsimulia habari za Kasanda, fundi wa reli.
Lake tulilishika kwa saruji tupu,
ndiyo iliyokuwapo stoo mwaka ule.
Mwezi wa nne goti likaanza kulia usaha.
Tukarudi, tukang'oa chuma chote tulichokipanda,
na mimi ndiye niliyebeba beseni.

Sasa. Unga mweupe bakulini, dawa imo.
Maji yake makali, harufu ya kukwaruza koo.
Nakoroga. Uji. Uji mzito. Kisha
inaacha kunata kwenye glavu, na Daktari Nkwabi
ananyoosha mkono bila kuniangalia.
Chuma kinakaa. Saruji inachemka yenyewe kwa ndani,
na dawa hii ilichaguliwa kwa kuwa haiogopi moto.
Tumeshika mguu. Hakuna anayekohoa.

Itavuja, nyingi siku za kwanza,
kisha kidogo, kisha chembe,
pale pale chuma kinapopakana na mfupa.
Peke yake haitoshi, najua. Ndiyo maana ya kucha,
ya sindano kabla ya kisu, ya dirisha.
Lakini kijidudu kikipenya kote huko,
kikute ufa umezibwa.

Kipande kilichobaki kiliganda kiganjani mwangu.
Jioni nikampelekea kitandani.
Alikigonga kwa ukucha, akakinusa, akakunja uso.
"Nyuki wenu hawa," akasema,
"hawana asali."