Meza

Nesi alitukabidhi karatasi mbili na mtoto mmoja,
akasema ale vikavu, tosti, biskuti,
vikwaruze kidonda kipone kisafi.
Bibi yake, kwa simu kutoka Tanga, akauliza
kama huyo nesi amewahi kuzaa.

Siku ya kwanza Mwanaidi alicheka,
dawa ya usingizi bado ikimbeba,
akamaliza uji, akaomba mwingine,
nasi tukaulizana kwa macho: kumbe ndiyo hii tu?
Siku ya nne ilitutia adabu.

Mdomo unanuka kama nguo iliyosahauliwa majini.
Kooni, nikimulika, utando mweupe
pale yalipokuwa mafindofindo,
manene, yakigusana, alivyosema daktari,
kama watu wawili kwenye mlango mmoja.
Sikio linauma, na sikio halikuguswa na mtu.
Mate anayatema kikombeni.
Mimi niliyemezea mate gari la jirani,
likizo ya jirani, bustani ya jirani,
sikujua kuwa mate yenyewe yana bei.

Karatasi ya pili ilikuwa ya damu:
mkiona nyekundu mbichi, msingoje.
Basi kila kikombe nakipeleka chini ya taa,
nakiinamisha, nakichungua
kama sonara aliyeletewa pete asiyoiamini.

Saa nane usiku. Hull imelala.
Upepo wa mto Humber unasukuma mapipa ya taka,
moja limeanguka, linabingirika, halina mwenyewe.
Mama yake yuko zamu, kule Hessle,
anawageuza wazee wa watu vitandani.
Akirudi ataniuliza, umempa lini,
kwa hiyo saa naziandika mgongoni mwa bahasha ya gesi,
dawa hii, dawa ile, hii tena,
na mwandiko unazidi kulewa kadiri ya usingizi.

Namwamsha. Amka, mama. Kaa.
Bomba la plastiki, mililita saba na nusu.
"Meza," namwambia.
Anabana midomo.
"Meza, mwanangu. Kidogo tu. Meza."

Akainua mkono kutoka kwenye blanketi,
na kidole, taratibu,
kikaonyesha mlango ulioachwa wazi, jikoni,
meza yetu ya mbao za kuigiza,
mguu wake mmoja umeegemezwa kwa kadibodi.

Sikuelewa.
Halafu nikaelewa,
nikacheka mpaka jirani akagonga ukuta.
Naye akacheka, kicheko kikamkata,
akashika shingo, machozi yakamtoka,
na humo humo kwenye machozi dawa ikapita.

Miaka sita namsemesha, ananijibu kwa Kiingereza
cha watoto wa mtaa huu, kilichokunjwa puani,
na mimi nikidhani maneno yangu
yanafika kwenye sikio lake na kuvua viatu tu,
hayaingii ndani.
Kumbe yamo. Yamekaa kitako.
Yanajua hata utani.

Asubuhi alikula tosti, kipande cha ukucha,
juu yake uji wa mchele wa bibi.
Sikumwambia nesi. Sikumwambia bibi.

Lakini hili sikuandikiwa kwenye karatasi yoyote:
usiku wa tisa niliamshwa na ukimya.
Tangu uchanga wake alikoroma, ukuta ukatikisika,
kisha pumzi ikakwama, nami gizani nikihesabu,
nne, tano, sita,
mpaka irudi kwa kishindo, ndipo nilale.
Sasa hakuna cha kuhesabu.
Nikatembea pekupeku juu ya zulia baridi,
nikaweka mgongo wa kiganja chini ya pua yake.

Hewa. Vuguvugu. Inakuja, inakwenda.

Amelala mdomo umefumba.
Nikasimama pale nikimtazama sana.
Uso huu sikuwahi kuuona.