Ubao wa Cimpunda

Miaka kumi na mmoja nilishika daftari la mlangoni.
Nani kachelewa, nani hakufunga kitambaa,
nani kasinzia katikati ya mahubiri:
kalamu nyekundu, jina, tarehe.
Mchungaji alinisifu mbele ya watu
nami nikainamisha kichwa
ili unyenyekevu wangu uonekane hadi viti vya nyuma.

Kutoka kwetu Cimpunda hadi kanisani
kuna korongo, na juu ya korongo ubao mmoja.
Mvua za Aprili zikiteremka Kadutu
na masufuria, na matope, na kandambili za watu,
ubao ule hulia. Nyiii.
Kila alfajiri nilivuka, Biblia nimeibana kwapani,
mguu huu, kisha huu,
nikifika ng'ambo nasema: Asante Bwana, umenivusha.
Saa kumi na moja na dakika hamsini niko magotini.
Sijachelewa hata mara moja. Andikeni na hilo.

Zihalirwa tulimtenga na meza ya Bwana
kwa sababu ya kasiksi.
Mimi ndiye niliyemwona, mimi ndiye niliyeandika,
hata harufu niliiandika.
Tangu hapo akawa anakaa nje, chini ya dirisha,
akiimba besi kwa sauti ndogo
kama mtu anayeota moto wa jirani.

Siku ya Mungu moja, ibada ya pili,
nikasikia nyundo.
Ko. Ko. Kimya. Ko.
Mchungaji alikuwa anafundisha juu ya pumziko.
Shingo zikageuka. Nikatoka na daftari.

Alikuwa ndani ya korongo, maji ya taka magotini,
mikono ya shati la ibada ameikunja,
misumari mdomoni.
Mbao mbili mpya. Baadaye nilijua ni za kitanda chake.
Ule wa zamani umelazwa kando,
umeoza katikati kama ndizi iliyosahauliwa kapuni.
Nikamwambia: Ndugu, leo ni siku ya Mungu.
Akatoa misumari mdomoni
ili anijibu kwa heshima.
Ndiyo, shemasi. Na kesho watoto wanakwenda kwa masomo.
Akafuta jasho kwa kiwiko.
Jana usiku Mama Nankafu amepita hapa na bidoni,
nikasikia ubao unalia.
Wewe hukuwahi kuusikia?
Alingoja kidogo. Kisha akarudisha misumari mdomoni,
maana mimi nilikuwa nimesimama tu.

Niliandika. Nisiwadanganye, niliandika:
Zihalirwa, kazi siku ya Mungu, shahidi ni mimi.
Mkono ulikwenda wenyewe
kama kuku aliyekwisha kukatwa shingo.

Jioni nikavuka mbao zake. Hazikusema kitu.
Nikasimama katikati, mahali ambapo sikuwahi kusimama,
na kwa mara ya kwanza nikaona chini:
kiatu kimoja cha mtoto, chupa, utosi wa jiwe,
na mbali, kati ya mabati, kipande cha ziwa
kinachong'aa bila kuombwa na mtu.

Kwetu mtoto mtiifu hatumwiti mtiifu.
Mama yake hujisifu sokoni: Huyu wangu anasikia.
Basi. Anasikia.
Nami alfajiri elfu nne
ubao ulinililia chini ya soli,
ukinitajia majina ya watakaonifuata,
nikamshukuru Mungu kwa kunivusha mimi.

Jumatano baraza likaniambia nisome ukurasa.
Nikasoma waliochelewa. Nikasoma wasio na kitambaa.
Nilipofika pale, maandishi yalikuwa yangu,
wino ulikuwa wangu, mwekundu,
ila mdomo ukakataa kuyafuata.
Zihalirwa, nikasema. Alisikia.

Mzee wa baraza akavua miwani:
Alisikia nini, shemasi?

Sikujua nianzie wapi.
Mvua ilikuwa imeanza kupiga bati,
na mle ndani, sisi tisa tulioshika kila kitu,
hatukuweza tena kusikiana.